Mavuno ya Zabibu kwa Mdundo wa Roki: Jinsi ya Kutengeneza Chupa 24 za Mvinyo Mwekundu

Msimu wa zabibu ukikaribia Dodoma, maswali huja yale yale. Hamira ya mkate inafaa? Tukiwa watu sita tununue kilo ngapi? Spika ikae wapi? Mbona mvinyo wa mwaka jana uligeuka siki? Nimeyakusanya majibu hapa kwa ajili yako wewe ambaye hujawahi kutengeneza hata chupa moja, ila una gita ukutani, una rafiki wanaopenda roki, na unataka mavuno yenu yawe na sauti.

Roki na mvinyo vimekutana kwa njia mbili. Ya kwanza ni jina kwenye lebo. Mwaka 2011, kwa mfano, AC/DC walishirikiana na kampuni ya Warburn Estate ya Australia, chupa zikatoka zikiwa na majina ya nyimbo zao. Njia ya pili ni mikono kwenye udongo. Maynard James Keenan, mwimbaji wa bendi ya Tool, amepanda mizabibu katika Bonde la Verde, Arizona, ana kiwanda chake cha Caduceus Cellars katika mji wa Jerome, na shamba lake mojawapo amelipa jina la mama yake, Judith. Ukame wa Arizona si mgeni kwa anayeijua Dodoma. Les Claypool, mpiga besi wa bendi ya Primus, ametengeneza mvinyo mwekundu wa Pinot Noir huko Sonoma, California. Na Clisson, mji mdogo wa magharibi mwa Ufaransa ulio katikati ya mashamba ya mvinyo mweupe wa Muscadet, ndiko tamasha la metali la Hellfest lilikoanzia mwaka 2006. Maelfu ya watu waliovaa fulana nyeusi hunywa mvinyo wa mashamba yanayowazunguka.

Mimi nafuata njia ya pili, na mwongozo huu unaongozwa na kanuni moja: muziki uwekwe penye kazi ya kurudia-rudia, na uzimwe penye kupima, kunusa na kusikiliza. Wanaoharibu mvinyo kwenye sherehe za mavuno huwa wamepindua kanuni hii. Wanavuna kimya kimya wakiwa wamechoka, kisha wanawasha spika saa ya kupima sukari.

Kabla hujaanza

Hesabu ni rahisi. Kilo 30 za zabibu nyekundu hutoa takribani lita 18 hadi 20 za mvinyo, yaani chupa 24 hivi za mililita 750. Kwa mara ya kwanza usizidishe hapo. Kilo 30 zinabebeka, zinakanyagika na watu wawili kwa zamu, na zikiharibika hasara inavumilika.

Tafuta vitu hivi wiki moja kabla:

- Pipa moja la plastiki la chakula, lita 60, lenye mfuniko. Liwe jipya au lililokuwa na chakula. Pipa lililobeba rangi, mafuta au dawa ya shamba halisafishiki kwa kazi hii.
- Beseni pana na imara la kukanyagia.
- Chupa kubwa ya kioo ya lita 19 hivi. Ukikosa, ile ya plastiki ya maji ya ofisini yenye lita 18.9 itakutoa kwa miezi michache. Ongeza na chupa ndogo mbili tatu za lita 1 na lita 1.5 za kuwekea ziada.
- Kizibo chenye tundu na mrija mwembamba ambao mwisho wake unazama kwenye kikombe cha maji. Kazi yake ni kuitoa gesi bila kuruhusu hewa kuingia.
- Haidromita na silinda yake, pamoja na kipimajoto. Haidromita ndiyo inayokwambia sukari imebaki kiasi gani. Usianze bila hiyo.
- Hamira ya mvinyo mwekundu, pakiti moja ya gramu 5.
- Metabisalfaiti ya potasiamu, dawa ya kuzuia vijidudu, gramu 10 zitatosha kwa kazi yote, na mizani ndogo inayopima gramu.
- Mwiko mrefu wa mbao mpya au wa chuma kisichoshika kutu, kitambaa safi cha kukamulia, na mpira laini wa mita 2 wa kuhamishia mvinyo.
- Mikasi ya kupogolea, mmoja kwa kila mvunaji, na kreti za plastiki zenye matundu.
- Spika ya betri inayodumu saa 8 au zaidi, na gita lisilohitaji umeme.
- Daftari na kalamu.

Onyo la vyombo: usisafishe kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo. Klorini ikikutana na ukungu kwenye mbao au vizibo, huzaa harufu ya boksi lililoloa, na hakuna kinachoiondoa kwenye mvinyo. Tumia maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, suuza sana, kisha malizia kwa maji yaliyoyeyushwa metabisalfaiti kidogo. Sufuria za alumini na vyombo vya bati zisiguse zabibu, maana asidi huzila.

Onyo la sheria: ukitengeneza mvinyo wa kuuza bila leseni, Tanzania au Kenya, unavunja sheria. Mwongozo huu ni wa chupa za kunywa na rafiki walio na umri wa miaka 18 na zaidi. Na usishawishike kukeneka mabaki ya maganda hata kidogo. Hapo umeshaingia kwenye gongo, na pombe ya kukeneka bila utaalamu na vipimo imewapofusha na kuwaua watu wetu wengi.

Hatua ya 1: Chagua msimu, shamba na tarehe

Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: takribani Februari hadi Aprili, na tena Agosti hadi Septemba. Kwa mtu anayeanza napendekeza msimu wa pili. Hakuna mvua, vichala havina ukungu, na usiku ni wa baridi kiasi cha kukusaidia kutunza joto la pipa. Kama unahitaji tarehe ya kuwaita watu wa roki, unayo Septemba 5: siku aliyozaliwa Freddie Mercury, Zanzibar, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara.

Nenda Hombolo, Makutupora, Mpunguzi au Bihawana, zungumza na mkulima mwenyewe. Wakulima wa zabibu wamelilalamikia soko kwa miaka mingi, zabibu zikiiva pamoja na wanunuzi wakiwa wachache, kwa hiyo mnunuzi anayelipa taslimu na kuvuna mwenyewe anapokelewa vizuri. Usitumie hali hiyo kumkandamiza bei. Mlipe bei ya haki, na msimu ujao atakuachia mistari bora.

Ulizia aina ya Makutupora nyekundu, au Syrah kama anayo. Zabibu za mezani zinazouzwa kwenye masoko makubwa hazifai. Zina maji mengi, sukari kidogo na ganda jembamba.

Siku hiyo hiyo onana na mwenyekiti wa kijiji au kitongoji. Mwambie mtakuja wangapi, mtapiga muziki saa ngapi hadi saa ngapi. Sauti ya gita la umeme husafiri mbali kwenye nyanda tambarare. Jumapili asubuhi na saa za adhana spika inazimwa.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kukata

Siku mbili tatu kabla ya mavuno, tembea shambani ukichuma punje moja moja kutoka vichala tofauti: vya juani na vya kivulini, vya juu na vya chini. Punje mia moja zinatosha. Ziponde, chuja, tia haidromita. Unatafuta kati ya 1.090 na 1.100. Kwa kipimo kingine cha sukari, Brix, ni karibu 22 hadi 24, ambayo itakupa kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Kisha tafuna mbegu: zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa mlio, zabibu zimeiva; zikiwa kijani na chungu, ngoja.

Hapa hakuna muziki. Mkulima atakueleza mambo ya shamba lake ambayo hutayakuta kwingine, na unahitaji kumsikia.

Hatua ya 3: Vuna kabla jua halijapanda

Anzeni saa 12 asubuhi, mmalize kabla ya saa 3. Zabibu zilizovunwa zikiwa baridi huchelewa kuharibika. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute; ukivuta, punje hupasuka na nyuki hufuata. Laza vichala kwenye kreti, visizidi kina cha sentimita 30. Kiroba hakifai, maana zabibu za chini zitakuwa zimeshapondeka na kuanza kuchachuka mkiwa njiani.

Saa ya kwanza, spika iwe chini au imezimwa kabisa. Kijiji ndiyo kinaamka. Saa ya pili, jua likishatoka, washeni. Roki ya miaka ya 1970 kutoka pande zetu inakaa vizuri sana hapa: bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, na WITCH wa Zambia walioipa dunia ule muziki uitwao Zamrock. Wavunaji waliowahi kusikia dansi ya zamani hawashtuki, wanaitikia. Nimeona mama wa shamba akikata vichala kwa mapigo ya besi bila mtu kumwambia chochote.

Mikasi na muziki mkali haviendani na watu waliolewa. Siku ya mavuno hainywewi pombe mpaka mkasi wa mwisho urudi kwenye ndoo.

Hatua ya 4: Chambua, kisha kanyageni

Ondoeni majani, punje zilizooza na zilizokauka, na vikonyo vingi kadiri mnavyoweza. Vikonyo vichache havidhuru. Vikiwa vingi, mvinyo unakuwa na ukakasi wa majani mabichi. Zabibu haziloweki majini. Kama zina vumbi sana, zipanguse.

Sasa kukanyaga. Hii ndiyo sehemu ambayo roki ilizaliwa kuifanya. Mguu wa mtu ni mzito wa kutosha kupasua ganda na laini wa kutosha kuiacha mbegu nzima, na mbegu ikivunjika hutoa uchungu. Ndiyo maana nakukataza blenda kwa nguvu zote. Blenda inasaga mbegu na vikonyo, na unaishia na rojo chungu isiyotulia.

Osheni miguu kwa sabuni isiyo na manukato, kateni kucha, mwenye kidonda apige gita. Tieni kilo 10 hadi 15 kwa mkupuo kwenye beseni, watu wawili wasimame wakishikana mabega.

Chagueni mwendo. Mapigo 100 hadi 120 kwa dakika ndiyo kiwango cha mguu unaopanda na kushuka bila kuteleza, na roki nyingi ya kawaida ipo hapo. Metali ya kasi, ile ya mapigo 180 na kuendelea, inafurahisha kwenye jukwaa lakini inaangusha watu kwenye beseni lenye maji ya zabibu. Iwekeni baadaye, kwa wanaoosha kreti. Nairobi kuna bendi za kutosha kujaza saa nzima ya kukanyaga: Parking Lot Grass, Crystal Axis, Last Year's Tragedy. Panga nyimbo kuanzia za taratibu, ukipandisha polepole.

Nyimbo tano sita zinatosha kwa mkupuo mmoja. Mnasimama pale karibu punje zote zimepasuka.

Onyo la umeme: sakafu itakuwa imelowa. Spika ya betri tu, iliyowekwa juu ya meza mita 3 au zaidi kutoka beseni. Amplifaya ya waya ikae ndani, au isije kabisa.

Kabla ya kuhamishia kwenye pipa, chota lita 1 au 2 za juisi, chuja, pasha hadi nyuzi 75 kwa dakika chache bila kuichemsha, kisha ipooze kwenye friji. Katika kikosi chochote cha kwetu kuna wasiokunywa pombe, kwa dini au kwa afya, na wamefanya kazi sawa na wengine. Wapate zabibu zao siku ile ile.

Hatua ya 5: Tuliza rojo kwa siku moja

Mimina kila kitu kwenye pipa: juisi, maganda, mbegu. Hakikisha theluthi ya pipa inabaki wazi, kwa sababu maganda yatapanda. Yeyusha gramu 2 za metabisalfaiti kwenye maji kidogo, mimina, koroga vizuri. Funika kwa kitambaa safi kisichopitisha nzi wadogo wa matunda. Subiri saa 24. Dawa hii inazidi nguvu vijidudu vya porini na kumwachia uwanja hamira wako.

Hatua ya 6: Rekebisha, kisha tia hamira

Zima muziki. Pima sukari tena, andika kwenye daftari. Ikiwa chini ya Brix 22, ongeza takribani gramu 10 za sukari kwa kila lita ya juisi kwa kila Brix moja unayotaka kupanda. Kilo 30 za zabibu zina juisi lita 20 hivi, kwa hiyo kupanda Brix 2 ni gramu 400. Iyeyushe kwanza kwenye juisi yenyewe. Kama una karatasi au kifaa cha pH (namba ikipanda, asidi imepungua) na kipimo kimezidi 3.7, ongeza asidi ya tartariki gramu 1 kwa lita, koroga, pima upya. Zabibu za nchi ya joto mara nyingi hupungukiwa asidi.

Hamira iamshwe kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40, robo kikombe, dakika 15 hadi 20. Ongeza kijiko kimoja kimoja cha juisi ili isishtuke kwa baridi, kisha mwaga juu ya rojo.

Na hamira ya mkate? Itachachusha, ndiyo. Lakini huchoka mapema kilevi kinapopanda, haitulii chini, na huacha harufu ya unga. Umesafiri mpaka Hombolo na umekanyaga kwa miguu yako. Usiiharibu kazi kwa pakiti ya hamira isiyo yake.

Hatua ya 7: Zamisha maganda mara tatu kwa siku, wimbo mmoja kila mara

Ndani ya siku moja au mbili utasikia mchemko, na maganda yatapanda na kujifunga juu kama mkeka. Yakiachwa hapo yanakauka, yanapata joto, na vijidudu vya siki vinaanza kazi. Unayazamisha kwa mwiko hadi yote yalowe, asubuhi, mchana na usiku. Rangi na ladha ya mvinyo mwekundu zinatoka humu.

Kwa kilo 30, kazi hii inachukua dakika nne au tano, urefu wa wimbo mmoja wa roki. Kwa hiyo kila zamu ina wimbo wake. Anayezamisha ndiye anayechagua, na wimbo hausimamishwi katikati; ukiisha, kazi imeisha. Wageni wengi huchoka siku ya tatu na kuanza kuruka zamu, lakini zamu yenye wimbo haisahauliki. Kila mtu anataka wake uandikwe.

Maana lazima uandikwe. Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, joto, kipimo cha haidromita, jina la aliyezamisha, na wimbo. Mkienda siku 8 mtakuwa na zamu 24 na nyimbo 24. Mtakuwa pia na chupa 24 hivi. Lebo zenu zimejiandika: kila chupa na wimbo wake, na jina la aliyeushikia mwiko.

Joto lisivuke nyuzi 30. Likigonga 35 hamira inaanza kufa. Dar es Salaam au Mombasa, simamisha pipa ndani ya beseni la maji na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni.

Onyo kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu: pipa hili litatoa zaidi ya lita 1,000 za gesi ya kaboni dioksidi ndani ya wiki. Gesi hiyo ni nzito, inakaa chini, na haina harufu ya kukuamsha. Usiliweke kwenye chumba cha kulala au stoo isiyo na dirisha, na usiinamishe kichwa ndani ya pipa kunusa. Wapenzi wa roki hupenda kufunga madirisha ili majirani wasikerwe na sauti. Kwa wiki hii punguza sauti, madirisha yabaki wazi.

Hatua ya 8: Kamua

Haidromita ikishuka kati ya 1.010 na 1.000, kwa kawaida siku ya 6 hadi ya 8, toa mvinyo unaotiririka wenyewe kwanza, kisha tia maganda kwenye kitambaa na kuyakamua kwa mikono au kwa uzito. Msikamue kwa hasira mpaka tone la mwisho. Tone la mwisho ni chungu. Hapa muziki unarudi, na kikosi kirudi pia, maana mikono minne inashinda miwili. Maganda yaliyokamuliwa mrudishie mkulima au yatie kwenye mboji.

Hatua ya 9: Chupa kubwa, mrija, na kimya

Jaza chupa kubwa hadi shingoni, sentimita 4 hivi kutoka kizibo. Ziada itie kwenye zile ndogo. Kwa siku za mwanzo acha nafasi zaidi kidogo kama povu bado lipo, kisha jaza. Weka kizibo na mrija, mwisho wa mrija ndani ya maji. Mahali pawe na giza na ubaridi.

Kuanzia hapa mvinyo unataka utulivu. Mashapo yanashuka polepole, na chupa iliyo karibu na spika ya besi inatikisika na kuyainua tena. Kama chumba cha mazoezi ya bendi ndicho chumba pekee ulichonacho, chupa ikae upande wa pili, juu ya godoro dogo au mpira mnene. Kila jioni ukipita, simama usikilize maji kwenye kikombe: mapovu kila sekunde chache maana yake kazi inaendelea, moja kwa dakika kadhaa, inakaribia kuisha. Ukimaliza wiki 2 hadi 3, pima. Chini ya 0.998, kwa siku tatu mfululizo bila kushuka, sukari imekwisha.

Hatua ya 10: Hamisha mvinyo, acha mashapo

Pandisha chupa mezani usiku mmoja kabla. Nyonya kwa mpira, ukiacha mashapo chini, mwisho wa mpira ufike kitakoni ndani ya chombo kipya ili mvinyo usirushwe hewani. Ongeza gramu 1 ya metabisalfaiti kwa lita 18. Jaza hadi shingoni kwa mvinyo wa zile chupa ndogo. Rudia baada ya miezi 2 au 3.

Hatua ya 11: Tia kwenye chupa na uonje kwa masikio

Miezi 6 ni subira ya chini kabisa. Mvinyo ukiwa umeng'aa na mrija umenyamaza kwa wiki nyingi, jaza chupa zilizosafishwa, ziba, laza. Bandika lebo za nyimbo.

Siku ya kuonja fanyeni jaribio hili. Adrian North, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt kule Scotland, aliwapa watu mvinyo ule ule huku akibadilisha muziki chumbani. Waliosikia muziki mzito waliuita mvinyo mzito. Waliosikia mwororo waliuita mwororo. Mimina glasi mbili kutoka chupa moja. Ya kwanza onjeni na wimbo mzito wa metali, ya pili na gita tupu lisilo na umeme. Andikeni maneno bila kuambizana, kisha linganisheni. Baada ya hapo utajua mvinyo wako unataka kukaa na muziki gani, na utakuwa umeujua kwa ulimi wako.

Mambo yakienda kombo

*Saa 48 zimepita na hakuna mchemko.* Pima joto. Chini ya nyuzi 18, sogeza pipa penye joto. Kama joto liko sawa, hamira ilikufa, pengine kwa maji ya moto kupita kiasi. Amsha pakiti mpya.

*Ulianza vizuri, umesimama kwenye 1.020.* Mara nyingi ni joto lililozidi au chakula cha hamira kuisha. Poza, koroga kwa upole, tia virutubisho vya hamira kama unavyo. Ukishindwa, amsha hamira mpya kwenye kikombe cha mvinyo huo huo uliochanganywa na maji na sukari. Ikichemka ndipo uimwage.

*Harufu ya mayai viza.* Hamira ina njaa. Ukiwahi, hamisha mvinyo kwa kuurusha kidogo upate hewa, mara moja tu. Ukichelewa wiki kadhaa, harufu hiyo inajifunga na haitoki.

*Utando mweupe juu.* Kuna hewa ndani ya chupa. Ondoa utando, jaza hadi shingoni, tia metabisalfaiti kipimo cha hatua ya 10.

*Harufu ya siki.* Ikiwa hafifu, fanya kama kwa utando na uwahi kunywa. Ikiwa kali, haurudi. Uache ugeuke siki kamili kwenye chombo kingine, mbali kabisa na mvinyo mzuri, na usitumie mpira ule ule.

*Kikosi kimepungua, siku ya tano umebaki peke yako.* Zamu za usiku ziwe za anayeishi karibu, na wa mbali wakutumie wimbo kwa simu. Wewe shika mwiko, andika jina lao.

*Mvinyo umekamilika lakini unakausha mdomo.* Huo ni ukakasi wa maganda na mbegu, na kwa mvinyo mchanga ni wa kawaida. Usiongeze sukari kwenye chupa iliyofungwa, itachachuka tena na kupasuka. Laza chupa miezi 3 zaidi, kisha fungua moja na nyama choma yenye mafuta.